Bububu: Gari la Moshi na Jina Lililolitangulia

Husimuliwa sana Unguja kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi. Ni hadithi tamu, na mshairi yeyote angetamani iwe kweli. Tarehe, hata hivyo, zinaikataa.

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikaanza kazi mwaka 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa ya Mji Mkongwe, kisha ikashika njia ya kaskazini, mwendo wa maili 7 hivi. Mitaa yenyewe ni ile ambayo wachukuzi wawili hupishana kwa kuombana radhi. Kadi za posta za zama hizo zaonyesha injini ikipita baina ya nyumba, kuta huku na kuta huku. Kila nizitazamapo huwawaza waliokaa barazani: miguu yakunjwa, moshi waingia madirishani, kisha soga yaendelea pale ilipokatikia. Naye abiria alipitishwa milangoni mwa watu bila ya kupiga hodi.

Haikuwa reli ya kwanza. Sayyid Barghash alikuwa na yake, kutoka mjini hadi kasri la Chukwani, ambayo mwanzoni ilivutwa na nyumbu kabla ya kuagizwa injini Uingereza. Lakini ile ilikuwa ya mfalme. Hii ya 1905 alipanda mwenye nauli.

Sasa turudi kwenye jina. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaitaja Bububu, alikoishi kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Jina lilikuwapo, basi, miaka 39 na zaidi kabla ya reli. Mimi naelemea upande wa maji: Bububu ni mahali pa chemchemi, na lugha yetu inalo neno bubujika. Moshi ulipofika ulilikuta jina limekwisha kukaa, ukajidai ndio mzazi.

Na watu wakaukubali! Gari hilo liliacha kuchukua abiria mwaka 1922, baada ya miaka 17 tu. Leo daladala za Bububu hujaza watu, na anayeuliza asili ya jina bado huigiziwa mlio wa injini.