Kichujio cha umeme katika amplifaya za gitaa za valvu

Kichujio cha umeme katika amplifaya ya gitaa ya valvu ni sehemu ya saketi inayolainisha umeme unaotoka kwenye rektifaya kabla haujafika kwenye valvu zinazokuza sauti. Huundwa na kapasita za elektroliti pamoja na rezista; katika amplifaya nyingi kubwa huongezwa koili yenye kiini cha chuma. Katika amplifaya za miaka ya 1950 na 1960 kichujio hiki hakiondoi mvumo tu, bali pia huchangia tabia ya sauti yenyewe.

Muundo

Transfoma hupandisha umeme wa nyumbani hadi volti mia kadhaa, kisha rektifaya hugeuza mkondo geu kuwa mkondo wa upande mmoja. Mkondo huo bado hupanda na kushuka: mara 120 kwa sekunde nchini Marekani, penye umeme wa hezi 60, na mara 100 katika nchi za hezi 50 kama Uingereza, Kenya na Tanzania. Kapasita ya kwanza hujaa kwenye kilele cha kila wimbi na kutoa umeme wimbi linaposhuka. Viwimbi vinavyobaki hupunguzwa na hatua zinazofuata.

Mfano rahisi ni Fender Champ ya muundo wa 5F1. Baada ya valvu ya rektifaya 5Y3GT kuna kapasita ya maikrofaradi 16, rezista ya omu 10,000, kapasita ya maikrofaradi 8, rezista ya omu 22,000, na kapasita nyingine ya 8. Kwenye hezi 120, kapasita ya maikrofaradi 8 ina ukinzani wa omu 166 hivi, kwa hiyo rezista ya kwanza na kapasita yake hupunguza viwimbi takriban mara 60, na ya pili mara 130. Ndiyo sababu valvu ya kwanza kupokea sauti ya gitaa hulishwa kutoka mwisho wa mnyororo: mvumo wowote unaoingia hapo utakuzwa na hatua zote zinazofuata. Valvu ya nguvu hulishwa mwanzoni, penye viwimbi vingi. Champ inayo moja tu, hivyo huvuma kidogo. Amplifaya zenye jozi ya valvu za nguvu huvuma kidogo zaidi ya hapo, maana viwimbi vya pande mbili hufutana ndani ya transfoma ya kutolea sauti.

Athari kwa sauti

Katika amplifaya za jozi, uzi ukipigwa kwa nguvu valvu hudai mkondo mwingi ghafla. Kapasita zikiwa ndogo na rektifaya ikiwa ya valvu, volti hushuka kisha hurudi, na noti husikika kama inabanwa halafu inachanua. Fender Twin Reverb, yenye diodi za silikoni, hubaki imara zaidi.

Kuongeza kapasita kiholela si dawa. Rektifaya GZ34 hairuhusu kapasita ya kwanza kuzidi maikrofaradi 60, kwani mkondo wa kuijaza huweza kuiharibu. Kinyume chake, viwimbi vikizidi huchanganyika na noti: hezi 440 pamoja na 120 huzaa 320 na 560, sauti ambazo mpigaji hakuzipiga.

Kuzeeka na hatari

Elektroliti hukauka hata amplifaya isipotumika, na dalili ya kwanza huwa mvumo unaoongezeka. Kapasita hizi huweza kubaki na volti za kuua baada ya waya kuchomolewa. Fundi huziondolea chaji kupitia rezista, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote.