Bastola ya shabaha: ubora huanzia kiganjani

Machi 1911, Jeshi la Marekani liliijaribu bastola iliyosanifiwa na John Browning kwa kuifyatua risasi 6,000 katika muda wa siku mbili. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, na mwezi huohuo ikapokewa rasmi kuwa silaha ya jeshi kwa jina la M1911. Tangu hapo wanunuzi wengi wamelifanya jaribio lile kuwa mizani ya bastola bora: isiyokwama, yenye nguvu, iliyopita vitani. Kwa askari mizani hiyo ni ya haki. Kwa mlenga shabaha inapotosha, na shahidi ni historia ya mchezo wenyewe.

Mtutu wa M1911 haukai mahali pamoja. Risasi ikilipuka, mtutu na slaidi, yaani kipande cha juu kinachotembea, hurudi nyuma vikiwa vimefungamana. Halafu mtutu huinama, na slaidi huendelea peke yake hadi iteme ganda na kupakia risasi nyingine. Alama za kulengea ziko juu ya slaidi, si juu ya mtutu. Usahihi basi hutegemea vipande viwili vinavyotembea virudi palepale kila mara, hali silaha ya vita huachiwa upenyo kidogo baina ya vipande vyake ili vumbi na matope visiizuie. Ndiyo maana mafundi walioziandaa bastola hizi kwa mashindano ya Camp Perry, jimboni Ohio, walihangaika kukaza kile ambacho kiwanda kilikilegeza kwa makusudi. Njia nyingine ililetwa na risasi ndogo ya kipenyo cha milimita 5.6. Msukumo wake ni mdogo kiasi kwamba uzito wa slaidi na springi moja vinatosha kuuhimili, kwa hiyo mtutu unaweza kukazwa usisogee kabisa. Browning huyohuyo alisanifu bastola ya namna hiyo, Colt wakaitoa mwaka 1915 na baadaye kuiita Woodsman. Katika Olimpiki ya Berlin, 1936, Wajerumani walitwaa dhahabu na fedha za shindano la kufyatua haraka wakiwa na Walther Olympia, ya kipenyo hichohicho. Mwaka 1949 William Ruger na mshirika wake Alexander Sturm walianza biashara kwa bastola ya milimita 5.6 iliyouzwa dola 37.50. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo jeshi lingeipeleka mstari wa mbele.

Lakini mtutu uliotulia ni nusu tu ya habari, na pengine nusu iliyo rahisi. Nusu ya pili ilielezwa vizuri zaidi na mtu asiyeona. Mikhail Margolin, Mrusi, alipofushwa na jeraha la risasi akiwa askari kijana katika miaka ya 1920. Hata hivyo akawa msanifu wa silaha, akifinyanga vipande kwa nta na udongo na kuvipima kwa vidole. Bastola ya shabaha inayobeba jina lake, iliyotoka baada ya Vita Kuu ya Pili na kutengenezwa Izhevsk, imeinua alama ya nyuma ya kulengea juu ya daraja lililofungwa kwenye mwili wa silaha. Slaidi hupita chini yake bila kuigusa. Inafaa kulitafakari hilo: kipofu ndiye aliyetambua kwamba chombo cha jicho hakipaswi kutikiswa. Na kwa kuwa mkono ndio uliokuwa rula yake, mshiko na triga havikuwa mapambo ya kumalizia kazi.

Kuna watakaopinga kwamba mpigaji ndiye anayeshinda, si bastola. Watamtaja Károly Takács wa Hungaria, ambaye guruneti lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto na kutwaa dhahabu ya kufyatua haraka London 1948, kisha Helsinki 1952. Hoja hiyo ina uzito, ila haiondoi ya kwanza. Takács alijifunza mambo gani upya? Macho yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kiganja kinachoshika na kidole kinachovuta triga, na hapo ndipo bastola humsaidia au humsaliti mtu. Kufyatua haraka ni risasi tano kwa shabaha tano, zamu ya mwisho ndani ya sekunde nne. Triga inayokwaruza au mshiko unaozunguka mkononi hauachi nafasi ya kusahihisha.

Wasimamizi wa mchezo nao wamekuwa wakilijua hilo, ndiyo maana sheria zao zimeandama sehemu hizohizo. Wasovyeti walipounda bastola iliyogeuzwa juu chini, mtutu ukikaa chini zaidi ili mdomo wake usiruke juu, ilileta ubishi katika Olimpiki ya Melbourne ya 1956 na baadaye ikapigwa marufuku. Baada ya Athens 2004, bastola za kufyatua haraka, zilizokuwa na risasi fupi dhaifu na triga nyepesi mno, zililazimishwa kutumia risasi ndefu ya kawaida ya milimita 5.6 na triga isiyopungua gramu 1,000. Kama ubora ungekuwa katika nguvu au jina la kiwanda, sheria zingeandama vitu hivyo.

Pingamizi zito zaidi halihusu ufundi: je, silaha inayoua iwe chombo cha mchezo? Uingereza ilijibu kwa vitendo. Baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka 1996, ilipiga marufuku karibu bastola zote, hata wanamichezo wake wakalazimika kufanya mazoezi nje ya nchi. London ilipoandaa Olimpiki ya 2012, kikahitajika kibali maalumu ili mashindano ya bastola yafanyike. Jibu hilo halishangazi. Linaonyesha pia kwamba mlenga shabaha ana sababu ya kutaka silaha yake itofautiane kabisa na ya vita, badala ya kuifuata kwa nguvu na sura.

Kwa anayechagua leo, ushauri ni huu: aanze na milimita 5.6 yenye mtutu usiosogea, aiache 9 mm hadi mkono ukomae. Ahakikishe haina risasi, aelekeze mdomo kwenye tuta la shabaha, afumbe macho, ainue mkono, kisha ayafumbue. Alama za kulengea zikiwa zimepotoka, mshiko haumfai, hata kama bei ni ya kutisha. Triga ivutike laini na kukatika ghafla. Fedha inayobaki iende kwenye risasi za mazoezi na kocha. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, leseni ya silaha hutangulia haya yote.