Injini ya dizeli ya Malindi nayo inataka joto

Wasee, binamu yangu anaendesha lori Edmonton, Kanada. Januari alinitumia video: waya umetoka mbele ya lori, umechomekwa ukutani kama simu inachajiwa. Nikacheka sana. Kumbe nje ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na bila ule waya haendi kazini.

Ukitaka kuelewa, rudi Augsburg, Ujerumani, 1897. Injini ya Rudolf Diesel ilipofaulu pale haikuwa na plagi za cheche. Inabana hewa mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Sasa chuma kikiwa barafu kinameza lile joto, na oili inakuwa nzito kama uji uliolala. Madereva wa zamani kule walimwaga oili jioni, wakaiweka karibu na jiko, asubuhi wakairudisha. Wengine waliwasha moto chini ya gari! Halafu Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, akatengeneza boliti ya injini yenye hita ndani, akapata hataza 1949. Siku hizi hita nyingi hukaa kwenye bloku, zinapasha yale maji ya kupoza.

Ya binamu ilikuwa imekufa. Aliichomoa ukutani, akapima plagi kwa mita. Hita ya wati 1000 kwa volti 120 husoma kama omu 14. Yake haikusoma kitu, waya wa ndani umekatika. Akamwaga maji injini ikiwa baridi, akafunga mpya na ringi yake ya mpira, akajaza, akatoa hewa. Ukiiwasha kavu inaungua.

Sasa huku kwetu. Mjomba anabeba chumvi kutoka Gongoni hadi Mombasa, na makanika alimtolea themostati, ati Pwani kuna joto. Joto gani? Malindi ni nyuzi 30 hivi, injini inataka 80 na zaidi. Bila themostati inachelewa kupata moto, inakunywa dizeli tu.

Makanika simlaumu sana. Maji ya visima vyetu yana chumvi, rejeta inaziba, injini inachemka, lawama inaenda kwa themostati.

"Wewe umesomea gari wapi?" mjomba aliniuliza. Jumamosi tukaenda naye Kilifi, lori tupu. Mshale wa joto haukufika katikati. Hakusema kitu mpaka darajani.

"Hiyo themostati ni pesa ngapi?"