Hatua zisizo za kweli: Jinsi ya kurekebisha programu ya mazoezi

MCHUMAJI majanichai anayevaa saa ya kuhesabu hatua katika mashamba ya Kericho au Bomet anaweza kupotoshwa mara mbili kwa siku moja. Mikono yake haitulii ikichuma majani mawili na chipukizi, na saa huenda ikadhani anatembea. Miguu nayo husogea polepole kati ya michai, ikisimama kila baada ya hatua moja au mbili, na mwendo huo saa nyingi hazioni.

Kasoro hiyo si jambo dogo kwa aliyeshauriwa na daktari atembee zaidi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Akionyeshwa hatua 9,000 ilhali amepiga 4,000, ataketi jioni akiamini ametimiza wajibu wake.

Ndani ya kifaa mna kihisi kinachopima mtikisiko katika pande tatu. Programu hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpigo wa mtu atembeaye, na nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu. Ndiyo maana abiria wa bodaboda katika barabara mbovu za Konoin huenda akashuka na hatua asizozipiga, naye anayesukuma toroli, mikono ikiwa imetulia, akapunjwa zake.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kifaa kipimwe. Mtumiaji atembee hatua 100 kwenye njia tambarare huku akihesabu kwa mdomo, kisha alinganishe. Arudie mara tatu. Tofauti ya hatua nne au tano ni ya kawaida; ikifika 20, kuna hitilafu.

Iwapo hesabu haisongi kabisa, lawama mara nyingi ni ya simu. Tangu toleo la 10 la Android, lililotoka 2019, programu haiwezi kusoma hatua bila kuruhusiwa kufuatilia mazoezi ya mwili. Ruhusa hiyo itafutwe kwenye mipangilio. Aidha, simu nyingi huzima programu zisizo mbele ya kioo ili kuokoa betri, kwa hivyo programu ya hatua iondolewe katika orodha ya zinazobanwa.

Hesabu ikiwa maradufu, huenda saa na simu zote zinaandika safari ile ile. Kichaguliwe chanzo kimoja. Umbali ukikosea ilhali hatua ni sahihi, urefu wa mtumiaji au wa hatua yake uliingizwa vibaya. Kwenye miteremko ya Kericho hatua hubadilika urefu, na kadirio haliwezi kuwa kamili.

Watengenezaji hushauri saa ivaliwe kwenye mkono usiotumika sana. Ushauri huo haumfai mchumaji, ambaye hutumia yote miwili. Afadhali aivue saa akiwa kazini na kubeba simu katika mfuko wa suruali, karibu na paja.

Lengo la hatua 10,000 nalo lilitokana na kifaa kilichouzwa Japan mwaka wa 1965, wala si agizo la madaktari. Uchambuzi uliochapishwa 2025 katika jarida la The Lancet Public Health ulionyesha kuwa takriban hatua 7,000 kwa siku huambatana na manufaa makubwa ya kiafya. Asiyeamini kifaa chake anaweza kuhesabu dakika: Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, na kutembea kwa kasi ni mojawapo.