Mtama na Mti: Somo la Historia Kutoka Vilima vya Gitega



Ukitoka hapa Magarama ukaelekea Gishora, mwendo wa kilomita chache tu kutoka mjini Gitega, utafika mahali patakatifu pa ngoma palipoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19. Wengi huenda huko kusikiliza ngoma. Leo nakuomba uulize ngoma hiyo imechongwa kutokana na mti gani.

Kwa Kirundi mti huo huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoisemesha ngoma. Zamani ngoma hizo zilirindima katika Umuganuro, sherehe ya mwezi wa Desemba ambamo mwami alitoa idhini ya kupanda mtama. Mti na nafaka vilikutana mbele ya mwami kama vilivyokutana nyumbani kwa raia: mivumu ilizunguka ua, na gome lake likapondwa kuwa nguo, karibu yake kulikuwa na migomba, mtama na ulezi.

Kisha utaratibu mwingine ukaja. Wabelgiji waliowaondoa Wajerumani mwaka 1916 waliwalazimisha wakulima, kuanzia miaka ya 1930, kupanda kahawa, nayo isimame peke yake bila kuchanganywa na zao jingine. Mikalitusi nayo ilitengewa viwanja vyake. Shamba la namna hiyo ni rahisi kukaguliwa na kuhesabiwa. Lakini naona lilimfundisha mkulima jambo baya: kwamba chakula ni chake, mti ni wa serikali.

Wataalamu walichelewa kurudi kwenye hekima ya ua. Mwaka 1978 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza kilimo kinachochanganya miti na mazao. Hapa kwetu mti uliopendwa ni mgrevilea, wenye asili ya Australia, ambao ulifika Afrika Mashariki kama kivuli cha chai na kahawa. Hustahimili kukatwa matawi. Mkulima huyapunguza kabla ya mahindi kuhitaji jua, matawi yakawa kuni na vijiti vya maharagwe, majani yakafunika udongo, na shina likabaki kungojea kuwa mbao. Mparachichi una kivuli kipana zaidi. Hivyo huufaa ukingo wa shamba.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliangamiza miti mingi. Mwaka 2018 serikali ilianzisha mpango wa upandaji miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, jina linaloizungumzia nchi iliyovikwa nguo. Ni jambo jema. Hata hivyo, hakuna mpango wa taifa unaoweza kuamua mgrevilea ulio mpakani ni wa jirani yupi, wala ndugu yupi ataukata pindi shamba la baba litakapogawanywa. Mahindi huvunwa baada ya miezi, mbao baada ya miaka mingi. Katikati yake kuna urithi, na urithi katika nchi yenye ardhi finyu huzaa kesi.

Basi, msomaji wangu, kabla hujachimba shimo la mche, mwite jirani, waite ndugu zako, mwafikiane mbele ya mashahidi kuhusu mwenye mti na mwenye kivuli chake. Huo nao ni uraia. Asiyepanda umuvugangoma leo asishangae wajukuu wake wakikosa ngoma ya kupiga.