Waliotia Majina Bila Kuona

Agosti 1994 jarida la Uingereza la uzazi na magonjwa ya wanawake, British Journal of Obstetrics and Gynaecology, lilichapisha habari iliyowapa watu matumaini makubwa. Malcolm Pearce, daktari bingwa katika hospitali ya St George's jijini London, alieleza jinsi alivyoihamisha mimba iliyotunga nje ya kizazi, akaipandikiza mahali pake, na mama akajifungua salama mtoto mwenye afya. Mimba ya namna hiyo kwa kawaida hukua kwenye mrija wa uzazi. Mrija ukipasuka, mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Kijusi hakiokoki. Magazeti yaliishangilia habari hiyo, na wanawake waliowahi kupoteza mimba kwa njia hiyo waliisoma kwa matumaini yao wenyewe.

Mama aliyesimuliwa hakuwapo. Daktari wa ngazi ya chini palepale hospitalini alianza kuuliza maswali, uchunguzi ukafanyika, na mgonjwa wa kisa hicho hakupatikana. Toleo lilelile lilikuwa na makala nyingine ya Pearce, jaribio la dawa kwa wanawake wanaoharibikiwa mimba mara kwa mara. Hilo nalo halikuwa na ushahidi wa kulithibitisha. Mwaka 1995 Pearce alifutwa kwenye rejista ya madaktari.

Lakini linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi: Geoffrey Chamberlain. Huyu alikuwa mkuu wa idara ya Pearce. Alikuwa pia mhariri wa jarida lililochapisha makala, na rais wa chama cha kitaaluma cha madaktari wa uzazi kilichomiliki jarida hilo. Alipobanwa, alieleza kwamba hakushiriki kazi yenyewe. Jina la mkuu wa idara huwekwa kwa heshima tu, na yeye alimwamini mwenzake. Nadhani alisema kweli, na ukweli wake ndio unaotisha. Mtu ambaye cheo chake kilimtaka awe wa kwanza kuuliza mgonjwa yuko wapi, alikuwa tayari ametia jina chini ya jibu. Alijiuzulu uhariri na urais.

Desturi ya kuaminiana katika majarida ni ya zamani. Tangu Henry Oldenburg aanzishe Philosophical Transactions mjini London mwaka 1665, mhariri amepokea maelezo ya mtu aliye mbali na kuyachapa; baadaye ikawa kawaida kuwapa kwanza wajuzi wachache wayasome. Wasomaji hao hupima hoja na hesabu. Hawaendi maabara kufungua makabati, na wala hawakuwahi kutarajiwa kwenda.

Pengo hilo lilionekana wazi Marekani kabla ya Pearce. John Darsee alikuwa mtafiti kijana wa magonjwa ya moyo katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwenye kasi ya uandishi iliyowaacha wenzake vinywa wazi. Mei 1981 wenzake hao walimshuhudia akichukua vipimo vya mbwa mmoja kwa muda mfupi, na kuviandika kana kwamba vilichukuliwa kwa siku na wiki tofauti. Baadaye iligundulika kwamba udanganyifu wake ulianza zamani, hata kabla hajafika Harvard.

Watafiti wawili wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, Walter Stewart na Ned Feder, wakaamua kuzisoma makala za Darsee moja baada ya nyingine. Hawakuhitaji siri yoyote. Walisoma yaliyokwisha kuchapishwa hadharani. Katika makala moja, iliyotoka kwenye jarida maarufu la The New England Journal of Medicine, walikuta mchoro wa ukoo wenye ugonjwa wa moyo wa kurithi. Humo mlikuwa na baba wa miaka 17 mwenye watoto wanne: wa miaka 8, 7, 5 na 4. Piga hesabu. Mchoro huo ulipita mbele ya waandishi wenza, wapitiaji na mhariri, na hakuna aliyeuliza ilikuwaje mtoto wa miaka 8 au 9 akawa baba. Stewart na Feder waliandika kuhusu waandishi wenza 47 wa Darsee, na makala yao ilikwama miaka kadhaa kwa hofu ya mashtaka ya kashfa. Nature iliichapisha Januari 1987.

Kwa hiyo Pearce alipofichuliwa, hakuna aliyeweza kusema hakuonywa. Mwaka 1997 wahariri wa majarida ya tiba Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ili mhariri anayekutana na makala yenye mashaka awe na pa kupeleka kesi na kupata ushauri. Kundi jingine la wahariri, lililokutana Vancouver kwa mara ya kwanza mwaka 1978, liliendelea kukaza masharti ya nani aitwe mwandishi. Mwaka 2013 liliongeza sharti ambalo mtu angedhani lilikuwapo siku zote: kila mwenye jina akubali kuwajibika kwa kazi nzima.

Sharti halikutosha. Tarehe 22 Mei 2020, katikati ya janga la korona, The Lancet ilichapisha makala iliyodai kwamba haidroksiklorokwini na klorokwini ziliambatana na vifo zaidi miongoni mwa wagonjwa waliolazwa. Takwimu zilisemwa kuwa za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 duniani, zilizokusanywa na kampuni ya Marekani iitwayo Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu haidroksiklorokwini.

Hapa Afrika iliingia moja kwa moja. Wanasayansi walioandika barua ya wazi ya kuihoji makala walionyesha kwamba, kwa hesabu zake, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani na asilimia 40 ya vifo vilitokea katika hospitali zilizounganishwa na Surgisphere, zote zikiwa na mifumo ya kisasa ya kompyuta ya kutunza taarifa za mgonjwa. Yeyote aliyewahi kulaza ndugu yake katika hospitali ya wilaya, akamwona muuguzi akipiga mistari ya kalamu kwenye daftari kubwa la wodi, angelitilia shaka dai hilo papo hapo. Mtu wa namna hiyo hakuulizwa.

Tarehe 4 Juni makala iliondolewa. Waandishi watatu kati ya wanne walikiri kwamba hawangeweza tena kuthibitisha ukweli wa takwimu, kwa kuwa kampuni ilikataa kuzitoa zikaguliwe. Wa nne alikuwa mkuu wa kampuni hiyo. Septemba mwaka huohuo The Lancet ilibadili masharti: zaidi ya mwandishi mmoja lazima atamke kwamba amezifikia takwimu zenyewe na kuzihakiki.

Vyuo vikuu vyetu hupandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala, na jina la mkubwa bado huongezwa kwa adabu. Ningependa kila jarida linalotolewa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala lidai tamko hilo siku makala inapopokelewa, na mkuu wa idara ambaye hakuziona takwimu ashukuriwe mwishoni mwa makala, mahali wanaposhukuriwa wafadhili.