Nani Amemenya?

Nimeletewa waraka wa kurasa tatu kuhusu "ufikivu wa taarifa kwa watu wenye changamoto za utambuzi". Mimi niliyesomea lugha nimeurudia mara mbili. Na waraka wenyewe unatuhimiza tuandike kwa wepesi!

Kamati moja, ambayo sitaitaja, inapendelea "maandishi rahisi". Rahisi ni neno la Kiarabu, na kwao maana yake ni bei ya chini. Sokoni kwetu bado lina maana hiyo. Basi mwenye ulemavu wa akili aandikiwe bidhaa hafifu?

Mimi nasema: maandishi yaliyomenywa. Muhogo wa Walikale ukishamenywa ni muhogo ule ule. Kilichoondoka ni ganda. Tena sikilizeni majirani wa karibu na wa mbali. Wanyarwanda na Warundi husema kumenya, Waganda okumanya, Wagiriama kumanya, na kote huko ni kujua. Bingwa mmoja aliniandikia kwa ukali kwamba kumenya kwetu na kumenya kwao ni vitenzi vya asili mbili vilivyokutana kwa sauti tu. Najua, ndugu yangu, nilijua kabla yako. Masisi, huku mashariki mwa Kongo, ambako Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili vinasimama kwenye foleni moja, kukutana huko ni bahati, nami siitupi.

Zaidi ya hayo, neno langu lina mtendaji. "Ufikivu" unaelea hewani, hauna mwenyewe. Ukisema tangazo halijamenywa, papo hapo mtu atauliza: kazi hiyo ilikuwa ya nani? Aibu inakwenda ofisini, haimwangukii msomaji.

Matumizi? Tangazo la mgao wa msaada, ambako jetoni ndiyo kibali cha kupokea, husema: "Walengwa wanaombwa kujiwasilisha kwenye eneo la ugawaji siku ya tatu ya juma, saa mbili asubuhi, wakiwa na jetoni zao." Likimenywa: "Njoo mahali pa mgao siku ya tatu. Saa mbili asubuhi. Lete jetoni yako." Herufi kubwa, picha ya jetoni pembeni, na kabla ya kubandikwa asomewe mwenye ulemavu wa akili mwenyewe, aseme alichoelewa.

Na sheria ipo: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na mkataba huo unataja lugha nyepesi kati ya njia za mawasiliano. Sheria yetu wenyewe ya haki hizo ni ya tarehe 3 Mei 2022.

Pendekezo langu nililipeleka kwa kamati hiyo mwaka jana, pamoja na mfano wa jetoni. Jibu lilikuja kwa Kifaransa, kurasa mbili.